Kuku Aliyechinjwa na Mama

Harufu ya manyoya ya kuku yanapotumbukizwa kwenye maji ya moto siipendi hadi leo. Wengine wakiisikia wanameza mate, wanajua sikukuu imefika. Mimi nikiisikia, hata ikiwa inatoka kwa jirani wa tatu hapa Dodoma ninapoishi, nafunga dirisha na kukaa chini kidogo. Zamani mume wangu alidhani ni mimba. Ngoja niwaambie ninyi, maana yeye nilimwambia nusu tu.

Nilikulia Mkiwa. Siyo pale njia panda penyewe, penye mabasi na wauza vitunguu, bali nyuma kidogo, mwendo wa kama dakika ishirini ukiipa barabara mgongo. Nyumba zilikuwa saba, kila moja na ua wake wa minyaa, uwele upande huu na alizeti upande ule. Wageni wakitutembelea walikuwa wakisema, "Ninyi mnaishi raha, kimya hivi." Na kweli palikuwa kimya. Asubuhi ulimsikia mtu wa nyumba ya mwisho akikohoa, na ukajua kama kikohozi kile ni cha jana au ni kipya. Lori likipita mbali huko, mama alikuwa akibashiri limebeba nini. Nadhani mara nyingi alikosea, lakini hakuna aliyekwenda kuhakikisha.

Msidhani kimya kile kilikuwa cha watu wasiojaliana. Chumvi ilivuka ua, kaa la moto lilivuka ua, na kuku ndio kabisa hawakutambua kama kuna ua. Wa nyumba zote saba walichakura pamoja mchana kutwa, na jioni kila mmoja akarudi kwao, isipokuwa jogoo wetu mmoja asiye na adabu aliyependa kulala kwa kina Zuhura.

Zuhura alikuwa rafiki yangu, wa nyumba ya pili. Sisi tulikuwa Wakristo, wao Waislamu, na kwa sababu hiyo kuku yeyote wa mtaa ule alichinjwa na baba yake, Mzee Saidi. Hata wa Krismasi. Mama alinituma, "Kimbia kwa Mzee Saidi, mwambie kuna kuku wa kuchinja," naye akaja na kisu chake kidogo amekifunga kwenye kitambaa, akachinja, akanywa maji, akaenda zake. Baadaye bakuli la mchuzi lilimfuata. Nyama aliyochinja yeye kila mtu angeweza kuila, kwa hiyo hakukuwa na kuku wa siri.

Tulikuwa na desturi nyingine. Mdondo, ule ugonjwa unaofagia kuku banda zima, ukiingia, aliyeuona kwanza alimtuma mtoto nyumba hadi nyumba kabla jua halijapanda. Mtoto hakuingia ndani. Alisimama nje ya ua akasema, "Mama anasema fungeni kuku." Kila mtu aliwafungia wake, na angalau wengine walipona. Nilikuwa nimetumwa kazi hiyo mara mbili, na mara zote nilijiona mtu mkubwa.

Mwaka niliomaliza darasa la saba ulikuwa ule wakati wa soko huria. Ghala alilofanyia kazi baba lilikuwa limefungwa, naye akaenda Itigi kutafuta vibarua, akawa anatuma salamu kuliko kitu kingine chochote. Sekondari sasa zilitaka ada. Lakini soko huria hilohilo ndilo lililotuletea lori la kuku. Kila Alhamisi lilisimama njia panda na matenga yake, likinunua kuku wa kienyeji wa kupeleka Dar es Salaam, na wanawake wa mtaa wetu wakaanza kuwatazama kuku wao kwa jicho jingine.

Desemba majina yakabandikwa. Mimi na Zuhura tulikuwa tumechaguliwa, wasichana wawili wa mtaa mmoja. Mama na Mama Zuhura walikumbatiana pale uani mpaka kanga zikawadondoka. Ada, godoro, sanduku na sare vyote vingetoka kwa kuku, hakukuwa na pengine. Mama Zuhura alisema ni afadhali kusubiri wiki ya sikukuu bei ipande, na mama akakubali.

Jumatatu iliyofuata mama alifungua banda akanyamaza. Kwa kawaida aliwasemesha kuku wake kila asubuhi, akiwalaumu kwa uvivu. Nilipotoka nilimkuta amechuchumaa mbele ya mtetea mwekundu. Mabawa yalikuwa yameshuka, na kinyesi cha kijani kimemganda nyuma. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minne, nilijua ninachokiona. Nikafunga kanga yangu vizuri.

"Unakwenda wapi?"

"Kuwaambia wafunge kuku."

Mama aliurudishia mlango wa banda. "Leo huendi popote," akasema. "Lori linakuja Alhamisi. Wakisikia huku kuna mdondo hawatanunua hata unyoya."

"Na kina Zuhura?"

"Nenda kachochee moto."

Mama yangu, ambaye hakuna siku iliyopita bila kutuambia kuwa mficha maradhi kifo humuumbua, alichukua kisu cha jikoni akaenda nyuma ya choo, akamchinja mtetea yule kwa mkono wake. Sikuwahi kumwona akichinja. Hakujua, na kuku alimponyoka mara mbili. Kichwa na manyoya akavifukia. Tukala kuku siku ya Jumatatu, bila mgeni, bila sikukuu, na hakuna bakuli lililotoka nje. Wadogo zangu walifurahi wakaanza kuimba, mama akawaziba midomo.

Jioni Zuhura alikuja. Alisimama uani akanusa.

"Kwenu mmepika kuku," akasema. "Nani kachinja? Baba yuko nyumbani tangu asubuhi."

"Siyo kuku. Mjomba kaleta nyama ya mbuzi toka Mungaa."

Aliniangalia kidogo. Kisha akauliza kama nimeshapata daftari, na tukaongea habari za shule. Tulikuwa tumesikia kuwa huko bweni lina vitanda vya juu na chini, tukakubaliana yeye alale juu kwa kuwa mimi naogopa kuanguka. Nilicheka naye na uso wangu ukiwaka, wala sikusema. Jumanne sikusema. Jumatano sikusema, na kuku wao wakaendelea kuchakura na wetu. Nilikuwa na siku tatu, wenzangu, na mdomo nilikuwa nao.

Alhamisi alfajiri mama aliwafunga miguu kuku wote waliobaki, maana walikuwa bado wanasimama vizuri, akaenda nao njia panda. Saa sita alirudi na sanduku la bati kichwani. Tulikuwa bado tunalifungua na kulifunga, tukisikiliza linavyolia, pale Mzee Saidi aliposimama nje ya ua wetu. Mbwa walikuwa wamefukua nyuma ya choo, na kichwa cha mtetea mwekundu kilikuwa kimeburutwa mpaka njiani. Mtu ambaye amechinja kuku wote wa mtaa anamjua kuku ambaye hakumchinja yeye, na anajua kuku wa siri ni kuku mgonjwa.

Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, kama siku zote.

"Mama Neema," akasema, "fungeni kuku."

Banda letu lilikuwa wazi, na hapakuwa na kitu ndani.

"Haya, Mzee Saidi," mama akajibu. "Tumesikia."

Akaenda ua unaofuata, akasema vilevile, na unaofuata. Mzee mzima mwenye mvi, akifanya kazi ya mtoto, kazi yangu. Mama aliingia ndani akalala kitandani mchana kweupe, na sanduku likabaki uani.

Ilikuwa imeshachelewa. Kufikia Jumapili kuku wa kina Zuhura walikuwa wamelala chini wote, shingo zimepinda, na nyumba nyingine zilifuata. Hakuna aliyekuja kutugombeza. Wiki ya sikukuu hapakuwika jogoo hata mmoja mtaani, na huo ndio ukimya ninaoukumbuka wageni wanapousifu ule mwingine.

Januari nilikwenda shule. Zuhura alinisindikiza mpaka njia panda akiwa amebeba godoro langu kichwani. Aliniambia nimwandikie. Sikumwandikia hata barua moja, kwa sababu kila nilipoandika "mimi sijambo" kalamu ilikataa kuendelea.

Nilisoma, nikawa mwalimu. Mama alikufa bila sisi wawili kulitaja jambo lile. Mwaka juzi nikapata habari kwamba Mzee Saidi amefariki, nikapanda basi. Baada ya mazishi nilimkuta Zuhura nyuma ya nyumba akisugua masufuria. Siku hizi anauza mayai ya kuchemsha kwa abiria wa mabasi pale njia panda, ana watoto watano na mgongo unamsumbua. Nilichuchumaa karibu naye nikamwambia yote: mtetea, mjomba, nyama ya mbuzi.

Hakuacha kusugua. "Hayo nayajua tangu zamani," akasema. "Kuna moja wewe hulijui. Alhamisi ile baba aliokota kile kichwa asubuhi mapema, lori lilikuwa bado halijafika. Mama alipoona hivyo akawafunga kuku wetu wote miguu, akaniambia tukimbie. Walikuwa wazima kwa macho, wangenunuliwa. Baba alisimama mlangoni akawafungua mmoja mmoja. Alisema hawezi kumuuzia mtu maradhi. Akakaa ndani mpaka lori likaondoka, ili mama yako auze, ndipo akatoka kuwaambia watu."

Akamwaga maji machafu, akachota mengine.

"Mama yako sikumchukia. Alitaka mwanawe asome. Niliyemchukia ni baba. Sikumpikia kwa moyo, sikumuuguza kwa moyo. Amekufa ananiita, na mimi nilikuwa stendi nauza mayai."

Nilikuwa nimekuja kuomba msamaha, nikaona hauna mahali pa kukaa. Miaka yote nilidhani tulichomnyang'anya Zuhura ni shule. Shule ningeweza hata kujaribu kuifidia, nikamsomeshea mtoto mmoja au wawili. Nilichelewa kuelewa kwamba tulimpokonya baba yake, akiwa hai, nyumba ya pili kutoka kwetu, na kwamba yule mzee alikufa akilipa kosa la kuwa mwema kwetu. Neno lililotakiwa lilikuwa moja, nami nilikuwa nimefundishwa mahali pa kusimama na namna ya kulisema.