Vichupa Viwili Mezani

Mdogo wangu tangu utotoni hajui kukaa. Mama alimwita Kiguu na Njia, na jina likamfuata hadi maabara, ambako watafiti wenzake humwita hivyo hata mbele ya wageni. Chai yangu hajawahi kuimaliza. Hupiga mafunda mawili amesimama, anaaga, kisha anarudi kuchukua miwani.

Miaka kumi na mmoja alitafuta dawa ya saratani ya matiti. Alifuga chembe za uvimbe wa mgonjwa mmoja kwenye vichupa, ndani ya kabati lenye joto la mwili wa mtu, akizijaribu kwa dawa hii na ile mpaka moja ikaziua. Kuitoa dawa mezani na kuifikisha kitandani kwa mgonjwa ndiyo kazi yake, na ndiyo safari inayowashinda wengi. Yeye alikaribia. Wagonjwa kumi na wawili walikubali kuijaribu kabla ya kupasuliwa, mmoja wao wifi yetu, mke wa kaka. Aliahirisha upasuaji wiki tano akiisubiri.

Zilipobaki siku tisa jaribio lianze, mdogo wangu akaanza kulalamika kwamba chembe zinakua upesi mno.

"Zina haraka kama wewe," nikamtania.

Hakucheka. Akazipeleka kupimwa vinasaba, kipimo alichokuwa akikiruka kila mwaka kwa haraka zake. Majibu yakasema ni za mwanamume mwenye saratani ya ini.

Nilicheka, Mungu anisamehe. Kisha nikamwona uso.

Alikumbuka siku yenyewe. Sheria ya maabara ni aina moja ya chembe mezani, ufute meza, ndipo ulete nyingine. Yeye, ili awahi kikao, aliweka vichupa viwili pamoja, cha titi na cha ini, na kuzitilia chembe chakula kwa mrija mmoja. Za ini zikaingia kwenye za titi, zikazisonga mpaka zikaisha.

Hakuna mwingine aliyejua. Alizunguka sebuleni kwangu mpaka shingo ikaniuma.

"Naweza kunyamaza, dada. Pengine dawa itafanya kazi hivyo hivyo."

Nilipandwa na hasira. Nikamwambia yule si kichupa, ni wifi yako.

"Ndiyo maana nimekuja kwako," akasema. "Nilitaka mtu anikaripie."

Asubuhi alimwambia mkuu wake, na jaribio likasimamishwa. Mchana tukaenda kwa wifi. Alieleza yote amesimama, mkono kwenye kitasa cha mlango. Wifi alikuwa akikunja nguo, na hakuacha mpaka shuka la mwisho.

"Kwa hiyo wiki zangu tano zimekwenda bure."

"Ndiyo. Na kosa ni langu."

"Kaa basi, wifi. Unanitia kizunguzungu."

Akakaa. Wifi alimtazama kwa hasira ambayo hakujisumbua kuificha.

"Leo nampigia daktari wa upasuaji. Uvimbe ukishatoka wanaufanyia nini?"

"Wanapima kipande. Kinachobaki hutupwa."

"Kichukue wewe, uanze upya. Ila usinichanganye na mtu."

Jumatatu wifi alipoingizwa chumba cha upasuaji, mdogo wangu alikuwa nje tangu saa moja asubuhi. Ameketi, kichupa kimoja tu mapajani.