Asiransi ya Laptop na Magoti ya Mado

Naikumbuka siku moja, mwanangu, ingawa ningefurahi zaidi kuisahau. Umeniandikia kwamba unataka kununua laptop ya masomo, na muuzaji wa pale mjini Kolwezi anakuuliza kama utaongeza asiransi, yaani bima, ya kuanguka na kumwagikiwa maji. Ulitaka nikujibu ndiyo au hapana. Lakini mtu wa umri wangu akiulizwa neno moja hutoa mia, kwa hiyo vumilia.

Wazee wetu walisema ajali haina kinga. Siku hizi kinga yenyewe inauzwa dukani, nami niliinunua nikiwa na umri kama wako.

Nilikuwa na kibanda cha kuandikia watu makaratasi kule Musonoi, kando ya barabara ya malori ya madini. Wachimbaji walikuja na maneno kichwani, mimi nikayaweka kwenye karatasi: maombi ya kazi, mikataba ya nyumba, malalamiko kwa chifu wa mtaa. Kwa muda mrefu nilitumia mashine ya kukodi, na faida ikaenda kwa mwenye mashine. Hatimaye nikanunua laptop yangu. Hiyo ndiyo iliyotulisha mimi, mama yangu na mdogo wangu Mado, aliyekuwa anamaliza masomo.

Aliyeniuzia ni Tata Shabani, mzee Mwislamu ambaye jamaa zake walitoka Maniema na kuja huku kwa biashara. Alinieleza kwamba nikiongeza pesa kidogo, mashine ikivunjika kwa bahati mbaya ndani ya mwaka mmoja, atanitengenezea bure. Akanipa karatasi ya Kifaransa, akaniambia niisome kwanza. Nyuma yangu palikuwa na watu wanaosubiri, nami nikaona haya. Mimi ninayewasomea Musonoi nzima barua zao, nisimame pale nifuate mistari kwa kidole kama mtoto wa shule? Nikasaini. Mganga hajigangi, mwanangu.

Asiransi ile ilinilevya. Kabla yake ningeifungia mashine kabatini. Baada yake kila aliyeomba nilimpa, na unajua kwetu kitu cha mmoja ni cha wote. Ukimnyima ndugu utasemwa mpaka kwenye msiba wako. Binamu aliichukua kutazama sinema, wanakwaya wakaichukua kuandika nyimbo zao. Mtu akiniambia nichunge, nilimcheka na kumjibu kwamba iko na asiransi.

Mado naye aliichukua kwenda kwa rafiki yake kuandika kazi yake ya mwisho ya masomo. Wakati wa kurudi alipanda taxi-moto, pikipiki ya abiria, laptop mapajani, bila mfuko. Lori la madini likawakata njia, dereva akafunga breki, wote wakaenda chini. Mado alifika nyumbani kwa miguu, amejaa vumbi, damu inamtiririka kwenye magoti yote mawili.

"Yaya, mashini imeanguka," akaniambia mimi dada yake.

Nami, Mungu anisamehe, nilimjibu, "Ekra imepasuka?"

Kioo kilikuwa kimepasuka, na mashine haikuwaka tena. Usiniulize nilimfanyia nini Mado jioni ile, maana sikumfanyia kitu. Mama hakuwepo, alikuwa ameenda Kasaji kwa dada yake. Mimi nilitoa ile karatasi ya asiransi, na kwa mara ya kwanza nikaisoma yote. Ilisema mashine itatengenezwa bure ikiwa imeharibikia mikononi mwa aliyeinunua, si mwingine.

Basi nikatunga uongo. Nilimwambia Mado kwamba tutasema nilikuwa mimi juu ya pikipiki. Nikamfunga kikwembe, kitenge kirefu, mpaka kwenye vifundo vya miguu ili magoti yasionekane, nikamkataza kwenda dispansari kabla ya kumaliza mambo ya duka, nisije nikaulizwa na watu. Duka lilikuwa limefungwa siku mbili. Siku hizo mbili alitembea na vidonda vyake ndani ya kitambaa. Alijua laptop ile ndiyo chakula chetu.

Siku ya tatu tukaenda. Tata Shabani aliigeuza mashine mara mbili, akaniuliza nani alikuwa ameishika wakati ilipoanguka. Nikasema ni mimi. Akanitazama mikono, haina hata mkwaruzo. Kisha akamtazama Mado, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa mguu mmoja.

Hakuuliza tena habari ya mashine. Alivuta benchi akamwambia Mado akae, akamwita mke wake alete maji ya moto na chumvi, na yeye mwenyewe akageuka kutazama rafu zake, kwa heshima. Mke wake alipoinua kikwembe, kilikuwa kimegandana na vidonda. Magoti yalikuwa yamevimba na kutoa usaha. Mado alilia polepole, nami nikatamani ardhi inimeze.

Tata Shabani aliongea nami bila kugeuka.

"Mama, kama ungeniambia mbele ya kusaini kwamba mashini ni ya nyumba muzima, ningekuandikia karatasi ya nyumba muzima. Iko. Lakini iyo si kitu. Tangu ianguke uko naangaria mashini. Huyu mudogo yako, nani alimuangaria?"

Nilimwambia ukweli wote, naye hakunitengenezea mashine, na alikuwa na haki. Nilirudi kwenye mashine ya kukodi kwa muda mrefu, Mado akaiandika upya kazi yake kwa mkono, na magoti yake yalichukua wiki nyingi kupona. Hajawahi kunilaumu hata siku moja. Ningependa anilaumu.

Sasa jibu lako, mwanangu. Jiulize kwanza: mashine hii ikivunjika kesho, nitaweza kununua nyingine bila masomo kusimama? Kama huwezi, ongeza asiransi, usione uchungu wa pesa ile kidogo. Kama unaweza, weka akiba pesa yako na uichunge mashine. Lakini kabla ya kusaini soma, hata kama foleni nyuma yako inafika mji wa Kisenge. Kuuliza si ujinga. Mwambie muuzaji ukweli wa nyumba yako, kwamba dada ataitumia, na shemeji, na mtoto wa jirani, uone kama karatasi yake ina nafasi yao. Ukikuta haina, usiombe uongo ukuzibie pengo, maana njia ya mwongo ni fupi. Tena nunua mfuko mzuri. Na ikianguka, maana vitu huanguka, umjulie hali aliyeanguka nayo kabla ya kuigusa.

Mungu akubariki katika masomo yako, aipe mashine yako maisha marefu. Na akujalie nyumba iliyojaa mikono ya watu unaowapenda, hata kama ndiyo mikono itakayoivunja.