Nyonyo ya Mpira Kutoka Nakonde

Wasichana wa Ihanda wa rika langu tunajuana kwa migongo. Enzi zetu ukifika darasa la pili tu umeshakabidhiwa mdogo wako. Unafungiwa kwa khanga, na kuanzia hapo ukicheza rede unacheza naye, ukichuma kahawa iliyoiva ufyonze utamu wake unainama naye. Mimi nilipewa Ezekia nikiwa na miaka tisa. Alikuwa mzito kama gunia la magimbi, na kulia alikujua.

Kilio cha mtoto pale kwetu hakikuwa cha nyumba moja. Ezekia akianza tu, jirani yetu Mama Skola aliacha kupepeta maharage yake na kupaza sauti kutoka ng'ambo ya migomba: "We Estha, huyo mtoto ana nini?" Nikichelewa kujibu anakuja mwenyewe, na wenzake nyuma. Huyu anamshika tumbo, yule anamchungulia sikio, mwingine ananigombeza kwamba nimembeba vibaya. Niliwachukia wale kina mama, maana kila walipofika mchezo wangu uliharibika.

Mama yangu alikuwa akiuza maharage Nakonde, upande wa Zambia. Siku moja akarudi na nyonyo ya mpira ya kumtulizia mtoto, rangi ya waridi, ina pete ya kushikia. Hatukuwahi kuona kitu kama kile. Watoto wa jirani walikuja kuishangaa, na nakiri niliijaribu mimi kabla ya mwenyewe. Ilikuwa na ladha ya ndala mpya.

Bibi hakucheka. "Mtoto halii bure," alisema. "Mkimziba mdomo, mtajuaje anachosema?"

"Mama, mimi natoka alfajiri narudi jioni," Mama akamjibu kwa upole. "Na huyu Estha naye ni mtoto. Acha apumzike kidogo."

Mpaka leo sijui nani kati yao alikosea. Mama alinihurumia mimi, Bibi alimhurumia Ezekia.

Aliyekosea ni mimi. Niliichovya ile nyonyo kwenye maji ya sukari, na kila alipofumbua mdomo nikamziba, kabla hata sijajua kama ana njaa au amelowa. Ikianguka chini naifuta kwenye gauni, narudisha. Wiki nzima hakuna aliyenishinda kwenye rede. Mama Skola akanisifu kwamba najua kulea.

Halafu ikaja siku ya soko. Mama yuko Nakonde, Bibi yuko shambani. Ezekia aliguna asubuhi, nikamziba. Akaguna tena, nikamziba. Baadaye akatulia kabisa, nami nikafurahi. Joto lake nililisikia mgongoni nikadhani ni jua. Mama Skola alipita na mzigo wake wa kuni, akamshika mguu kwa utani tu, kisha kuni zote zikaanguka.

"Estha! Huyu mtoto anaungua!"

Nyonyo ilikuwa bado mdomoni lakini hakuwa akiinyonya. Macho yalikuwa yamegeukia juu. Mama Skola alimchomoa mgongoni kwangu akakimbia naye zahanati, mimi nyuma yake nalia. Mganga alimchoma sindano, akauliza, "Tangu asubuhi hakulia?" Nikatazama miguu yangu. Alilazwa siku tatu akapona, na hakuna aliyenichapa. Afadhali wangenichapa. Mama aliitupa ile nyonyo chooni, na kina mama wakarudi kunigombeza kama zamani. Sijawahi kufurahia kugombezwa kama siku zile.

Ezekia sasa ni baba. Amepanga Tunduma, nyumba ya vyumba sita, kila chumba na familia yake. Mkewe alipojifungua nilikwenda kuwasaidia. Vijana hawa wana mambo: mtoto akikohoa, simu ndiyo inayoulizwa kwanza, mtoto mwenyewe baadaye. Lakini nisiwaonee. Nyonyo yao ina mfuniko na inachemshwa, haijui gauni la mtu.

Jioni moja mtoto alianza kulia. Mke wa Ezekia akaja mbio na nyonyo mkononi. "Wifi, mpe haraka, majirani watalalamika."

Nikasema ngoja. Nikamgusa shingo, haina joto. Nikamgusa tumbo, limejaa hewa. Nikamweka begani nikatoka naye koridoni nikimpigapiga mgongo, naye akalia kwa nguvu zake zote. Nikajikuta nimetega sikio. Nilitamani mwanamke mmoja tu atoe kichwa aulize huyo mtoto ana nini, anigombeze hata kwamba nimembeba vibaya. Milango mitano ilikuwa mbele yangu, na taa za ndani zinawaka zote. Katika chumba cha tatu mtu akaongeza sauti ya televisheni.