Kadi ya Kumi

Athanase ndiye aliyewafundisha mchezo ule. Hilo lisisahaulike.

Kila Jumapili, wahamiaji wenzake wakiimba ndani ya kanisa hapa Queensburgh, yeye huwa nje juani, amevaa fulana ya kung'aa, analinda magari yao. Mahubiri huyasikia kupitia dirisha. Siku Cédric, kiongozi wa vijana, alipolalamika kwamba sherehe yao haina mchezo wa maana, Athanase alimweleza kipindi alichokitazama utotoni Lubumbashi, kwenye televisheni ya jirani, picha nyeusi na nyeupe, watoto wamejaa hadi mlangoni. Mgeni huingia. Watu watatu waliofungwa vitambaa machoni humwuliza maswali wapate kuijua kazi yake. Yeye hujibu ndiyo au hapana, basi. Kwa kila hapana, mtangazaji hupindua kadi. Kadi kumi zikipinduka, mgeni ameshinda. Ikibaki moja, vitambaa huvuliwa, na swali la mwisho huulizwa ana kwa ana. Watazamaji huijua kazi tangu mwanzo, maana imeandikwa ubaoni nyuma ya waulizaji. Utamu ndio huo.

"Papa Athanase, wewe utakuwa mgeni wa mwisho," alisema Cédric.

Alikubali, na si kwa ajili ya zawadi. Mmoja wa waulizaji angekuwa Kwamboka, mhadhiri wa chuo kikuu kutoka Kenya, ambaye wote humwita Daktari. Gari lake lilipozimika kwenye mvua, Athanase ndiye aliyelisukuma. Mwanawe alipokuwa mchanga, Athanase ndiye aliyemshikia mwavuli mpaka mlangoni. Alitaka mwanamke huyo amtambue mbele ya watu, aseme jina lake. Wageni wengine wangebana pua wasijulikane. Yeye angetumia sauti yake ileile ya kila Jumapili: "Rudi, rudi, kidogo tena, sharp!"

Jumamosi ya sherehe alivaa suti.

"Unafanya kazi ofisini?" Kwamboka aliuliza.

"Hapana."

Kadi.

"Unavaa sare?"

"Ndiyo."

"Basi wewe ni askari!"

"Hapana."

Ukumbi ukacheka. "Muulize kama iko na bunduki!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma.

"Iko na filimbi!" mwingine akadakia.

"Tumewahi kukutana?" aliuliza tena Kwamboka.

"Ndiyo," alisema Athanase. "Mara mingi sana, dada."

"Papa!" Cédric alimkemea. "Ndiyo ao hapana tu!"

Mchungaji? Hapana. Dereva wa taxi? Hapana. Kadi zilipinduka moja baada ya nyingine mpaka ikabaki moja. Vitambaa vikavuliwa. Kwamboka alimtazama kuanzia viatuni hadi kwenye tai, kisha akatabasamu kwa adabu, vile mtu anavyomtabasamia mgeni.

"Nimeshindwa, kaka. Kwani hii ni mara yako ya kwanza kuja kanisani kwetu?"



"Hapana."

Cédric akapindua kadi ya kumi, vigelegele vikapaa. Kwamboka akageuka, akausoma ubao, MLINZI WA MAGARI, akaziba mdomo kwa kicheko.

"Haki ya Mungu! Bila ile fulana ningekujuaje?"

Wakacheka wote, hata mchungaji. Ni watu gani hawa, wanaomkabidhi mtu mali yao miaka yote na hawajawahi kuutazama uso wake? Na wakigundua hivyo, wanaona ni kichekesho! Wakampa birika la umeme. Wakampigia makofi kwa sababu ameshinda.

Birika aliliacha juu ya kiti, akatoka.

Watu walipoanza kuondoka, gari la Kwamboka lilikuwa limebanwa kati ya ukuta na gari jingine. Akashusha kioo.

"Athanase! Niangalizie nyuma, tafadhali."

Kumbe jina alilijua.

Athanase aliiondoa fulana yake getini ilipokuwa imening'inia, akaitandaza juu ya kioo cha mbele cha gari lile, taratibu, akinyoosha mikunjo.

"Omba huyu, Daktari," alisema. "Huyu ndiye unamujua."

Akashuka barabarani kutafuta taxi ya kumrudisha nyumbani Isipingo. Nyuma yake honi ililia mara moja, kisha ikalia tena kwa muda mrefu. Taa ya robot barabarani ilikuwa nyekundu. Alivuka.