Yunisi Aliyeiombea Kesi Isiishe

Watu wa Bangwe, kando ya ziwa pale Kigoma, wana uungwana wa ajabu. Kiwanda cha sabuni kilipoelekeza mfereji wake wa maji machafu ufukweni, wao waliziba pua wakaendelea kuamkiana kama kawaida. Aliyepiga kelele ni Yunisi, mjane anayeanika dagaa, maana mfereji ule ulimwaga povu lake kwenye mchanga wake wa kuanikia. Dagaa wa Kigoma wanasifika kwa mengi, ila hakuna mnunuzi aliyewahi kuwasifia harufu ya sabuni. Na mchanga ule ndio uliomlisha yeye na wanawe. Hana mwingine.

Wakili mmoja kijana, Dismasi, akamfungulia kesi bila malipo. Akamweleza kwamba ni kesi ya maslahi ya umma, yaani ya watu wote. Lo! Umma huo ulivyofurika mahakamani! Alikuwepo Yunisi, na kitenge chake. Umma uliobaki ulikuwa na shughuli zake, ukamwambia tu, "Mama, tuko nyuma yako." Nyuma kweli, tena mbali.

Hata hivyo, siku ya kwanza tu jaji alitoa zuio la muda: mpaka kesi iishe, mfereji uzibwe. Ukazibwa. Haukupita muda maji yakatakata, dagaa wakarudi kunukia dagaa, na Yunisi akaanika mpaka nafasi ikamwishia.

Basi kesi ikaanza kuahirishwa. Shahidi wa kiwanda anaumwa. Jaji yuko semina. Faili limepotea, faili limeonekana, ila aliyeliona yuko likizo. Dismasi akawa anakonda kwa hasira, Yunisi ananenepa. Wenye kesi wengine pale kwenye benchi la mahakama wanalia haki inacheleweshwa, yeye anatoka anacheka njia nzima. Jumapili kanisani alimwombea jaji mafua. Si makali, Mungu apishe mbali, ya kuahirishia tu.

"Mama, unanishangaza," Dismasi akamwambia. "Kwani hutaki hukumu?"

"Hukumu nitaianika wapi, mwanangu? Mimi naanika dagaa."

Mungu ana maombi mengi mezani, hilo halikupita. Jaji akaja mzima wa afya, hata kikohozi hana, akasoma hukumu kwa sauti ya kupendeza. Yunisi ameshinda! Mazingira safi ni haki ya kila mtu, ziwa ni urithi wa vizazi, kiwanda kimekosa. Kijenge bwawa la kusafishia maji yake, na kwa huruma kimepewa mwaka mzima wa kulijenga. Na kwa kuwa kesi imekwisha, zuio nalo limekwisha.

Siku hiyo umma ulikuja wote, Mungu aubariki. Ukapiga vigelegele. Hamdani mvuvi, ambaye hakuwahi kuuona mlango wa mahakama, alitaka kumbeba mabegani kwa jinsi "walivyopambana". Jioni ileile mfereji ukazibuliwa.

Yunisi akampigia Dismasi simu. "Mwanangu, tukate rufaa."

"Mama, tumeshinda! Rufaa ya nini tena?"

"Basi waambie wenye kiwanda wakate wao."

"Nimewauliza, mama. Wanasema wao wameridhika na hukumu."

Yunisi akaitia simu kwenye kitenge, akapiga magoti mchangani, akaanza kuzoa dagaa wabichi kabla povu halijawafikia.