Jiko la Yai na Nyusi za Baba Mkubwa

Enzi zetu, nyama ya mbuzi haikuletwa mlangoni na kijana wa pikipiki. Ilikuja ikitembea kwa miguu yake minne, ikafungwa kwenye mparachichi nyuma ya nyumba, na sisi watoto tukaipa jina. Hilo la kuipa jina lilikuwa kosa, na tulilirudia kila Desemba.

Kama ulikulia Kiganjo, pale Thika, mwanzoni mwa miaka ya tisini, huhitaji maelezo mengi. Unakumbuka upepo ulivyotuletea harufu ya nanasi hadi darasani, tukasoma hesabu huku mate yakitutoka. Unakumbuka maziwa ya shule, yale ya pakiti ya pembetatu, tuliyotoboa kwa meno. Tulicheza kati, ule mpira wa kukwepa, na bano za gololi hadi tukaitwa kwa majina yetu yote mawili, na kwenye kalongolongo tulipika matope kwa mikebe na kumlazimisha mtoto mdogo kuliko wote ayale. Kuogelea Chania kulikatazwa kabisa. Mama zetu hawakuuliza maswali, walikukwaruza mkono kwa ukucha, na mstari mweupe ukitokea, basi ulikuwa umetoka mtoni na fimbo ilikuwa tayari.

Lakini leo nataka kusimulia habari za jiko.

Katika ukoo wetu mtu wa kuchoma nyama alikuwa mmoja tu, Baba Mkubwa, kakake baba yangu. Hakuna aliyemchagua. Alizaliwa wa kwanza, akashika kisu, na hakukiachilia tena. Baba yangu alikuwa kitinda mimba. Alikuwa na zaidi ya miaka arobaini, mke, watoto wanne, masharubu, na kazi ya kusimamia mitambo kiwandani, lakini mbuzi akichinjwa tu, alirudi kuwa mtoto. "Kariuki, leta kuni," Baba Mkubwa alimwambia. Na Baba alileta. Kugeuza nyama hakuruhusiwa hata mara moja.

Sasa niseme ukweli ambao watu wazima hawakuthubutu kuusema. Nyama ya Baba Mkubwa ilikuwa ngumu. Aliichoma kwa moto mkali, akaipiga makofi, akaisifu, na ikakauka ikawa kama soli ya kiatu. Sisi tulikuwa na meno, tulipambana nayo. Aliyeumia ni Guka, baba yao, ambaye alikuwa amebaki na meno manne, mawili juu na mawili chini, na hayakukutana. Guka alipewa ubavu, akaunyonya kidogo ili asimvunje moyo mwanawe, kisha polepole akautia kwenye mfuko wa koti. Halafu alikunywa supu. Mbwa wote wa Kiganjo walilifahamu koti lile. Baba aliuona ule mkono ukiingia mfukoni kila Desemba, nami nilimwona Baba akiuona.

Mwaka mmoja alikuja Mjapani kufunga mitambo kiwandani. Alikaa kwenye nyumba ya kampuni upande wa Ngoingwa, na Jumamosi moja akamwalika Baba chakula cha mchana. Baba alirudi nyumbani akiwa na macho ya mtu aliyeokoka.

"Mama Njeri, ako na jiko ya udongo, imekaa kama yai," alimwambia Mama. "Iko na kifuniko, na shimo chini na shimo juu. Ameweka kuku, akafunika, akaenda kusoma gazeti. Hakuigusa! Na ile kuku ilikuwa laini, hata Guka angekula."

Nikajua alichokuwa anafikiria. Mama pia alijua, ndiyo maana hakucheka.

La Mjapani lilikuwa limekuja kwa meli, kwa hivyo la kununua halikuwepo. Baba alilichora kwenye karatasi ya mkate na kuwapelekea mafundi wawili. Wa Thika alitengeneza la bati tupu, akalipaka rangi nyekundu likang'aa. Wa Ruiru alikata pipa kuukuu, akaliviringisha tumbo, akalikandika udongo ndani unene wa vidole vitatu. Lilikuwa baya hilo, jamani. Tulipofika kulitazama, fundi mwenyewe alimvuta Baba kando na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, niambie tu ukweli. Hii ni ya kuangua vifaranga, ama ni ya kile kinywaji chifu hataki?"

Baba alikuwa ameshapenda lile jekundu. Mama akamwambia aache kuangalia rangi, agonge. Mama alinunua majiko na vyungu kwa masikio. Aligonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza huku amefumba macho. La Thika lililia ngwee kama kengele ya shule, maana yake joto lingetoroka lote kupitia ubavuni. La Ruiru lilisema du, basi. Kisha Mama aliwasha gazeti ndani ya kila moja na kufunika, atazame moshi unatokea wapi. Jekundu lilivuja pande zote. La Ruiru lilitoa moshi kwenye tundu la juu peke yake, na hapo ndipo Baba alipoachana na rangi nyekundu.

Tulilileta kwa pikapu ya jirani. Mama akakataza lisiwashwe wiki mbili, kwa sababu udongo mbichi ukipata moto wa ghafla hupasuka. Katika wiki hizo mbili kuku wetu mmoja aliamua limejengwa kwa ajili yake. Alitaga ndani mayai sita na kumdonoa Baba kila alipokuja kukagua. Majirani walikuja kuona yai lililojaa mayai, na wakatushauri tumwachie kuku.

Kulitumia nako kulikuwa masomo. Mara ya kwanza Baba alifungua mashimo yote mawili, makaa yakanguruma, kuku akatoka mweusi kama kiatu cha sare. Mara ya pili aliyaziba yote, moto ukafa, na kuku akatoka vile alivyoingia. Tulikula ugali kwa sukuma siku zote mbili na hakuna aliyethubutu kucheka. Mwishowe akapata mkono wake. Alitumia makaa magumu, vipande vikubwa, si vumbi la chini ya gunia. Aliacha yashike vizuri kabla ya kufunika. Shimo la chini, ambalo mlango wake ulikuwa kipande cha mkebe, aliliacha wazi upana wa kidole. Kisha aliweka kiganja juu ya tundu la juu na kuhesabu, na akifika saba kabla mkono haujaruka kwa moto, joto lilikuwa sawa.

Sheria kubwa ilitoka kwa Mjapani mwenyewe. Moto ulionyimwa hewa una hasira. Usifungue kifuniko ghafla. Kiinue kidogo, ngoja, ndipo ufungue. Baba aliifupisha ikawa "lipumue kwanza," na sisi watoto tuliikariri kama kile kiapo cha uzalendo cha gwarideni.

Desemba ikafika, na kwa mara ya kwanza ukoo ukakusanyika kwetu. Baba Mkubwa alikuja na kisu chake kimefungwa kwa gazeti. Akalizunguka jiko.

"Kariuki, hii mtungi ni ya nini?"

"Ni ya kuchoma, kaka. Nipe mguu mmoja tu. Zingine zote choma wewe."

"Ufunike nyama? Ai! Sasa tutajuaje inaiva? Nani amewahi kuchoma nyama akiwa amefunga mlango?"

Alimpa mguu kwa huruma, kama mtu anayempa mtoto unga wa kuchezea. Baba akautia chumvi, akaufunika saa nne asubuhi, akaketi kando kwenye kigoda. Tabu ikaanza hapo. Wanaume wa kwetu hawawezi kukaa na nyama bila kuitazama. Lazima uipite, uigeuze, ukate kipande cha kuonja, useme bado. Kila mmoja alikuja na kisingizio chake, na kila mmoja Baba alimrudisha. Saa saba Guka akamwita Baba ndani, na baba yako akikuita huwezi kusema una mguu motoni.

"Njeri, kaa hapa," Baba aliniambia. "Mtu akitaka kufungua, mwambie lipumue kwanza."

Nilikuwa na miaka kumi. Nilikaa kwenye kigoda nikijiona askari. Hazikupita dakika mbili, Baba Mkubwa huyo, kisu mkononi.

"Njeri, toka hapo nione hiyo kitu."

Maneno yenyewe yalikuwa mawili tu, na niliyajua hata usingizini. Lakini nilimtazama, nikakumbuka leta kuni, leta kuni, Desemba zote hizo, na mdomo wangu ukafunga. Nilikuwa nikijiambia kwamba ni woga. Haukuwa woga. Nilisimama kando kwa adabu nikampisha.

Alikivuta kifuniko kwa nguvu zake zote na kuinama kuangalia.

Moto ulitoka mara moja, huuf, ukamlamba uso na kurudi ndani. Harufu iliyobaki ilikuwa ile ya kichwa cha mbuzi kikibabuliwa manyoya. Baba Mkubwa alisimama wima, kisu bado mkononi, bila unyusi hata mmoja. Mama alikuja mbio na maji baridi, watu wakajaa, Baba akatokea nyuma yao. Alimtazama kakake, akatazama jiko, kisha akanigeukia mimi.

"Njeri. Si nilikwambia umwambie?"

Nilikiinamia kigoda nikajifanya nakifuta. Nilitaka ardhi inimeze.

"Aliniambia," akasema Baba Mkubwa, maji yakimtiririka shingoni. "Mtoto aliniambia vizuri. Ni mimi nilikataa kusikia."

Mguu ulikuwa salama, umeiva hadi mfupani. Guka aliletewa kipande cha kwanza. Alitafuna. Sote tulikuwa tunatazama mkono wake wa kulia na mfuko wa koti, hata mbwa. Mkono haukwenda popote. Ulirudi kwenye sahani.

"Nani amechoma hii?" Guka akauliza.

Baba aliinamia jiko. Ni Baba Mkubwa aliyejibu, uso unang'aa kwa mafuta aliyopakwa na Mama. "Ni huyu kijana wako mdogo." Kisha akageuza kisu, akamshikisha Baba mpini. "Kata wewe. Mimi wacha nilete kuni."

Na akaenda kweli. Baba alikata vipande vibaya sana siku hiyo, kwa sababu macho yake yalikuwa yakimfuata kakake kwenye kuni.

Siku hizi naishi Ruiru, ghorofa ya tatu. Jiko la yai nimenunua dukani, jepesi, jekundu, na sikuligonga. Mwanangu amechomeka kipimajoto kilichounganishwa na simu, na nyama huisimamia akiwa kwenye kochi. Ikiungua, anasema ni mtandao. Ikiiva, inapigwa picha hadi inapoa, kisha kila mmoja anabeba sahani yake chumbani.

Guka alituacha zamani, na Baba Mkubwa akamfuata miaka michache iliyopita. Nyusi zake zilirudi, ila wa kushoto ulirudi juu kuliko mwenzake, akaishi akionekana kama mtu anayeuliza swali. Mara ya mwisho nilipomtembelea nilimwungamia. Nilimwambia sikumwonya, na nilinyamaza kusudi.

"Najua," akasema. "Si nilikuona ukifunga mdomo? Lakini ningesema, babako angekuchapa, na ile nyama ingepoa."

Nilicheka hadi nikalia, na sehemu ya kilio ilikuwa kilio kweli.

Hata sasa nikitaka kufungua lile jiko langu jekundu, nainua kifuniko kidogo na kungoja. Wanangu huniuliza nangoja nini. Hawajawahi kuungua nyusi hao. Hawajawahi pia kumwona kaka mkubwa, uso umebabuka, akiinuka kwenda kuleta kuni ili mdogo wake akate nyama, na hilo ndilo ninalowaonea huruma.