Majibu ya Jiko

Mke wangu hajui kutulia. Si tusi, ni maelezo; mama yake mzazi alinionya kabla hatujaoana, nami kwa ujinga wa mapenzi nikadhani anamsifia bintiye. Akila, anasimama. Akipiga simu, anazunguka ua kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mimi ni fundi baiskeli, kazi yangu ni ya kuchuchumaa, na mpaka leo sielewi mtu wa kuchuchumaa na mtu wa kuhangaika tumewezaje kulea watoto katika vyumba viwili bila kutoana macho.

Mtaani wanamwita Mama Maswali. Jina hilo alilipata kwenye utafiti. Wataalamu wa afya walitaka kujua kama jiko jipya, lile la bati lenye udongo ndani na bomba la kutolea moshi, lingewapunguzia watoto wadogo homa ya mapafu. Wakapiga kura: nusu ya nyumba zikapata jiko jipya, nusu zikaendelea na mafiga matatu kama zamani. Mke wangu akaajiriwa kuzungukia nyumba zote hizo kila wiki na kuuliza. Mtoto amekohoa? Amehema kwa shida? Mmepikia nini? Ilikuwa kazi ya kutembea na kuchungulia mambo ya watu, na yote mawili alikuwa akiyafanya bure tangu apate akili.

Tatizo ni kwamba hakuishia kuuliza. Penye jiko jipya alihubiri. "Jiko hili linamlinda mtoto kifua," aliwaambia akina mama huku akiligonga bati kwa kidole. Hakuna aliyemtuma kusema hivyo. Lakini aliamini, na mke wangu akishaamini jambo, mbishie uone joto la jiwe.

Jirani yetu wa ukuta mmoja ni bibi mjane mwenye ulimi wa moto. Anaishi na mwanawe, dereva wa lori, pamoja na mkwewe, ambaye sote tunamwita Mama Pacha. Kura iliwaangukia, wakapata jiko jipya. Mama Pacha akalitumia majuma machache, akaona sufuria kubwa inayumba, maharage yanakula mchana kutwa na pacha wanalia njaa. Akarudi kwenye mafiga yake. Wengi walifanya hivyo, ila wengine walijua kuficha. Kisha yakaja majira ya baridi, pacha mmoja akashikwa na mapafu. Walimkimbiza hospitali, lakini hakurudi.

Tangu hapo nyumba ile haikukalika. Bibi hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alikuwa na maneno yake yaleyale, asubuhi na jioni, na ukuta wetu si wa kuzuia kitu. "Mama Maswali mwenyewe alisema jiko linalinda kifua. Wewe ukaona uvivu." Akamchukua pacha aliyebaki, akamhamishia chumbani kwake. Mama Pacha akakatazwa kumpikia mwanawe, kumwogesha, hata kumbeba. Na yule dereva, mwanamume barabarani lakini mbele ya mama yake ni unyasi, akaanza kusema labda mkewe akapumzike kwao kwa muda. Tunaujua muda wa namna hiyo. Mtu huenda na sanduku lake, na mtoto hubaki.

Kila jina lake lilipopenya ukutani, mke wangu alitoka nje akafagia ua uliokwisha kufagiwa.

Utafiti ulipokwisha aliitwa ofisini. Alirudi mchana, akavua kiatu kimoja, akasahau cha pili, akaanza kwenda huku na huku chumbani akichechemea.

"Hakuna tofauti," akasema.

"Tofauti ya nini?"

"Watoto, Baba Watoto! Wa jiko jipya na wa mafiga wameugua sawasawa. Miaka miwili nimegonga milango ya watu!"

Daktari wa utafiti alikuwa amemweleza. Moshi wa jikoni kwako ukipungua, wa jirani unaingia dirishani, wa takataka zinazochomwa unaingia, na wa barabarani nao haubishi hodi. Jiko lilipunguza kuni, basi. Ofisi ilikuwa imekwisha kutayarisha kikaratasi cha kugawa kwenye mkutano wa mtaa: picha ya jiko, mama anatabasamu, na maandishi makubwa, JIKO JIPYA LAOKOA KUNI. Habari ya mapafu ilipelekwa kwenye majarida ya wataalamu, kule ambako Mama Pacha hafiki hata ndotoni.

"Si uongo," nikasema. "Kuni kweli zimepungua."

"Kwani mimi nilikwenda kuwauliza habari za kuni?"

Akasema atasimama mkutanoni aseme na ya mapafu. Nikamwambia ayaache. Nikamkumbusha kwamba mdomo uliponza kichwa, kwamba watu watamcheka, na kwamba ofisi haitampa kazi nyingine mtu anayewaharibia mkutano. Nilikuwa na hofu ya kweli. "Aliyelala usimwamshe," nikamalizia, nikajiona nimesema la maana.

"Nani amelala?" Akaunyooshea ukuta kidole. "Nyumba ile, nani amelala?"

Kesho yake nikampakia nyuma ya baiskeli, nikampeleka ofisini. Kule kujigeuzageuza kwake nilikuwa nakusikia mpaka kwenye usukani.

Daktari ni kijana mpole, miwani haimkai puani. Alimsikiliza mpaka mwisho, habari ya jiko, ya ukuta, ya mtoto aliyehamishwa chumba. Akakiri kwamba waliogopa watu wasije wakakata tamaa na kukataa kila watakaloambiwa baadaye. Kisha akakichukua kikaratasi chake na kukitazama kama kimeandikwa na mtu mwingine.

"Sema, mama," akamwambia. "Ni haki yao. Ila sema tulichokipata, usizidishe. Sisi tumehesabu watoto wengi kwa pamoja. Hesabu hiyo haiwezi kukuambia mtoto mmoja kafa kwa nini. Ukimwambia mama yule kwamba mafiga hayakumuua mwanawe, utakuwa umerudia kosa lilelile la kusema usichokijua."

Hapo ndipo nilipomwonea huruma mke wangu. Alikuwa amekwenda kutafuta ruhusa ya kumwambia Mama Pacha "si wewe", maneno mawili tu, na hata hayo kanyimwa.

Siku zilizofuata hapakulika wala hapakulalika. Alinijaribia maneno mimi, akaijaribia ndoo, akazijaribia baiskeli za wateja. Akianza vizuri, anafika kwa mtoto, anakwama, anatukana, anaanza upya. Chakula kilikuwa chumvi tupu. Nilikula kimya, kwa sababu napenda uhai.

Mkutano ulifanyika darasani, watu wazima tumebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa videvu. Bibi alikaa mbele, mjukuu mgongoni ndani ya mbeleko. Mama Pacha alisimama mlangoni peke yake. Daktari akaeleza habari ya kuni, akapigiwa makofi. Kisha akasema yapo na mengine, na atakayeyasema ni yule aliyekuwa akiwapigia hodi.

Mke wangu akasimama. Aliyasema bila kuzunguka: watoto wa majiko mapya na watoto wa mafiga wameugua mapafu sawasawa, jiko halikuwalinda kama yeye alivyokuwa akisema.

"Kwa hiyo ulitudanganya, Mama Maswali!" akapaza sauti mama mmoja, watu wakacheka.

"Nilisema kabla sijajua. Ubaya wake hauko mbali na uongo."

"Sasa majiko tukatupe?"

"Usitupe, kuni zinapanda bei. Lakini mtoto akihema kwa shida, mkimbize hospitali, uwe umepikia jiko, uwe umepikia mafiga."

Bibi akainuka. Kicheko kikafa chenyewe.

"Mama Maswali. Mjukuu wangu aliuawa na nini?"

Nikaona mikono ya mke wangu ikitafuta kitu cha kushika, isikipate. Nilijua anachotaka kusema. Nilikuwa nimekisikia mara nyingi, kimeambiwa ndoo.

"Sijui, mama," akasema. "Utafiti haujui. Daktari huyu hajui. Nilisema mimi kwamba jiko linalinda kifua, na maneno yale umemchapia mkweo mpaka leo. Hayakuwa na ukweli ndani yake. Naomba unirudishie."

"Kwa hiyo si yeye?"

"Sijui. Na wewe hujui, mama. Hakuna anayejua."

Nilikasirika, nasema kweli. Kumtesa mtu kwa hofu wiki nzima, halafu umpe mfiwa "sijui"! Lakini bibi hakujibu kitu, na hilo mtaani kwetu halijapata kuonekana.

Ndipo Mama Pacha akasema, kule mlangoni, kwa sauti ndogo iliyotufanya sote tugeuke.

"Kwa hiyo hata ningelitumia kila siku, angekufa?"

"Huenda, mwanangu," mke wangu akamjibu. "Huenda angekufa."

Nilidhani atafurahi, ametuliwa mzigo. Badala yake alijishika tumbo, akaegemea mlango, akawa anatikisa kichwa. Nadhani kosa lilikuwa limempa kitu cha kushika. Sasa hakuwa na kosa, na mtoto hakuwapo.

Bibi akamgeukia. Siku ya maziko hakuna aliyeona chozi lake; siku ile alikuwa mkali tu, anauliza nani kafanya nini. Sasa akaanza kuhangaika na fundo la mbeleko kifuani, na hakutaka kusaidiwa. Fundo likafunguka. Akamzungusha mtoto mbele, akampakata, akapita katikati ya madawati mpaka mlangoni.

"Mshike mwanao," akamwambia mkwewe. "Pacha mwenzake mimi bado sijamlilia."